Si kila kuku ni mradi

Dar es Salaam haimwachi mtu afuge kuku kwa kupenda tu. Ukionekana unashusha kiroba cha pumba kutoka kwenye bodaboda, jirani wa kwanza atakuuliza unao wangapi, wa pili atakuuliza trei la mayai unaliuza shilingi ngapi, na wa tatu, mwenye shemeji yake Chanika, atakupigia hesabu nzima papo hapo barazani: anza na vifaranga mia, baada ya miezi mitano wanataga, toa chakula, toa dawa, toa watakaokufa, kinachobaki ni kiwanja. Ukimjibu kwamba unao wachache tu, na kwamba raha yako ni kuwatazama jioni wakigombea panzi, atakuhurumia. Kisha atashusha sauti kama anayeuliza habari za mgonjwa: "Lakini jirani, mpango wa kuwaongeza si upo?"

Haupo. Nimelisema hilo mara nyingi mpaka nimeanza kuonekana mtu mwenye siri.

Jirani simlaumu sana. Mshahara hautoshi, ada ya shule haisubiri, na kwa miaka sasa tumehubiriwa redioni, kwenye semina na kwenye makundi ya WhatsApp kwamba kila kilicho mkononi mwako ni fursa. Mnamo 2013 na 2014 ilikuwa zamu ya kware. Kenya na hapa kwetu, watu wazima wenye kazi zao walijaza vizimba varandani kwa sababu ilivuma kwamba mayai ya ndege hao yanatibu karibu kila ugonjwa. Bei ikapaa, kila mtu akafuga, na kila mtu alipokuwa mfugaji mnunuzi akakosekana. Ikafuata zamu ya sungura. Ikafuata zamu ya matikiti maji, yale yaliyolimwa kwenye karatasi, ambako hayanyauki, hayaliwi na wadudu wala hayafiki sokoni siku moja na ya wenzako wote. Mwaka 2020 Mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani mtu aliyekuwa amekusanya mabilioni ya shilingi kwa ahadi ya kuwafugia watu kuku na kuwarudishia faida nono. Waliotoa fedha hizo wengi hawakuwahi kushika hata unyoya.

Hasara za miradi hiyo zilipita, watu wakajifuta vumbi. Kilichobaki ni tabia. Leo mama akifuma kitambaa cha kochi ataulizwa bei yake, kijana akichora ataulizwa kama ana ukurasa wa kuuzia, na anayepika keki ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe ataambiwa kabla hajaikata: "Dada, wewe fungua biashara." Tunasema hivyo kwa nia ya kusifu. Inaonekana hatuna tena namna nyingine ya kusifu.

Ndiyo maana nataka kuisimulia wiki iliyopita nyumbani kwetu Kitunda, wiki ambayo ndani yake hapakuwa na fursa hata moja.

Sehemu kubwa ya wiki ya nyumba haina hiari, na hiyo nitaipita haraka. Jumatatu usiku umeme uliisha katikati ya tamthilia. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeanza, kwa hiyo kabla ya uniti ilitangulia kodi ya jengo: shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida, makato yaliyoingizwa kwenye LUKU Agosti 2021 yakiwa shilingi 1,000. Kijana wetu wa darasa la sita ndiye msomaji wa tarakimu gizani, mimi ndiye mbonyezaji. Zipo tarakimu 20 na ukikosea moja unaanza upya, ingawa tangu mwaka 2024, mita zilipohuishwa na tukalazimika kuingiza seti tatu za tarakimu 20 mfululizo, hizi za kawaida tunaziona mchezo. Jumanne usiku wa manane bomba lilikoroma. Aliyesikia kwanza akawaamsha wengine, tukajaza simtanki, madumu na kila sufuria lililokuwa tupu. Mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgawo, tulijifunza kutodharau hata jagi. Jumatano mtungi wa gesi ulizima maharage yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kulainika. Serikali imepanga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Jikoni kwetu mchana ule tulirudi kwenye jiko la mkaa, na maharage, kusema kweli, hayakulalamika.

Hayo ndiyo ya lazima. Yaliyobaki ya wiki ni ya kupenda, na nusu ya hayo ni kuku.

Wetu ni wa kienyeji. Wapo kishingo wawili, wale wasio na manyoya shingoni, ambao mgeni akiwaona mara ya kwanza hudhani wanaumwa. Yupo kidimu mmoja, kuku mwenye manyoya yaliyojikunja kwenda nyuma, anayeonekana siku zote ametoka kunyeshewa. Jogoo ana damu ya kuchi ndani yake: miguu mirefu, kifua mbele, dharau kwa kila anayepita. Binti yetu wa darasa la pili amempa jina la Konda kwa sababu husimama mlangoni mwa banda na kupiga kelele hata kama hakuna anayeingia.

Wiki hiyo habari kubwa ilikuwa ya yule kidimu. Kwa siku kadhaa alikuwa haonekani bandani jioni, lakini kila mchana alitokea, akala pumba kwa pupa, akanywa maji, akajigaragaza vumbini kwa haraka na kutoweka. Binti alisema ameibwa. Kaka yake alimwuliza mwizi gani anayemrudisha kuku saa saba mchana aje kula. Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Pangani, alikuwa amekaa kivulini na kazi yake mikononi. Hakuinua hata macho: "Huyo anaatamia. Mfuateni, lakini msimkimbize. Akijua mnamfuata atawazungusha mpaka magharibi."

Alichosema kilitimia neno kwa neno. Kuku anayeatamia hutoka kwenye kiota mara moja hivi kwa siku, na safari ya kurudi huifanya kwa hila. Jumatano baada ya shule watoto walimfuata kwa mbali, wakijifanya wanatafuta mpira. Kidimu alikwenda upande wa barabara, akasimama, akadonoa kitu kisichokuwepo, akageuka, akapita chini ya ua wa mchongoma, akasimama tena. Walipoteza muda mwingi nyuma ya tangi la maji la jirani. Hatimaye akajipenyeza kwenye pagale.

Kila mtaa wa Dar es Salaam una pagale lake, nyumba iliyofika usawa wa lenta na kubaki hapo mpaka mwenyewe apate fedha, apone ugonjwa au amalize kesi ya mirathi. La mtaani kwetu lina mti wa mpapai sebuleni. Ndani ya chumba ambacho ramani bila shaka inakiita jiko, chini ya mbao za zege zilizooza upande mmoja, kidimu alikuwa amelala juu ya mayai yake na manyoya yake yaliyojikunja yakamfanya aonekane mkubwa mara mbili. Watoto walirudi nyumbani wakikimbia, wakasimulia wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akidai yeye ndiye aliyemwona kwanza.

Hapo ukazuka mjadala. Kumwacha kule ni kumwachia nguchiro na paka wa mtaa. Kumhamisha mchana ni kumfanya asuse mayai. Mama mkwe alitoa hukumu: kuku anayeatamia huhamishwa usiku, kimyakimya, na kiota chake kipya kiwe tayari pahali penye giza. Basi saa tatu usiku tulikwenda, mume wangu na simu yenye tochi iliyozibwa na kiganja, mimi na kanga, kijana na beseni lililotandikwa majani makavu. Mlinzi wa nyumba ya jirani alitumulika na kuuliza tunaiba nini. Tulipomweleza, aliacha kiti chake akaja kushika mbao.

Kabla ya kuyaweka mayai kwenye kiota kipya tuliyapima. Unakata tundu dogo kwenye boksi la viatu, unaweka tochi ndani, unaliweka yai juu ya tundu. Yai lililoatamiwa kwa wiki moja hivi, kama lina uhai, huonyesha mishipa myekundu myembamba iliyotawanyika kutoka kwenye doa moja jeusi. Lisilo na kitu hubaki angavu. Binti yetu alikuwa hajawahi kuona jambo hilo. Alishika pumzi kwa kila yai na kutangaza, "Yupo!" au "Hayupo!" kwa sauti ya mwita majina darasani. Yaliyo hai tukayawekea alama ya penseli ili kuku wengine wakija kutaga humo tujue lipi la kuondoa, kwa maana yai likiongezwa katikati ya safari halitaanguliwa na wenzake, na mwisho wake ni viza. Siku 21 tangu alipoanza kuatamia ndiyo ahadi ya kuku. Tunasubiri.

Kama vingekuwa vifaranga mia vya kununua, vimefika kwenye boksi na risiti, hakuna ambaye angetoka usiku ule na beseni.

Furaha hiyo haikufika Ijumaa. Kuku mwingine, kishingo, alikuwa na vifaranga wa siku chache, na Alhamisi asubuhi kunguru walimchukua mmoja mbele ya macho yetu. Kunguru mmoja alimchokoza mama wa vifaranga mbele, mwenzake akatokea nyuma. Mpwani anayefuga anawajua hawa wenye shingo ya kijivu. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, enzi za utawala wa Waingereza, ili wale takataka za mji, wakavuka hadi bara na kufuata miji yote ya pwani. Takataka wanakula, hilo tuwape. Lakini wanakula pia mayai na makinda ya ndege wa kienyeji, na ukikaa Kitunda asubuhi na mapema ukasikiliza, utajua ni sauti ngapi za ndege zimebaki. Kenya nao mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Sisi tulianza na uzi. Kijana alitandaza nyuzi za kuvulia samaki juu ya uwanja wa banda, akatundika santuri za zamani za CD zinazomeremeta. Zamani watu walitundika mifuko myeusi ya nailoni. Tangu marufuku ya Juni 2019 mifuko hiyo imeadimika, na hilo angalau ni jema. Wapo wanaowapaka vifaranga rangi ili ndege wasiwatambue. Binti alilipenda wazo hilo kuliko vyote, tukamnyima rangi.

Mchana huohuo Mama aliendelea na kazi yake kivulini, na hiyo inahitaji maelezo kidogo. Anasuka ukili. Ukindu umekwisha kuchanwa, kuanikwa na kutiwa rangi huko Pangani. Amekuja nao kwenye mfuko wa salfeti ukiwa umefungwa vitita vitita, mweupe, wa zambarau na wa kijani. Vidole vyake vinasuka huku macho yakiangalia barabara, huku mdomo ukinisimulia nani kaolewa na nani kaachika. Ukili ukifika pima za kutosha ataushona upande kwa upande kuwa mkeka. Mume wa wifi yangu, ambaye kazi yake sijawahi kuielewa vizuri ila ina mambo ya mtandao, alipita kusalimia. Akaushika ule ukili, akaupiga picha.

"Shikamoo mama. Hii ni pesa hii. Tukifungua ukurasa, wageni wananunua kwa dola."

"Marahaba, baba. Huu wa mjukuu wangu, anakwenda bweni mwakani."

"Sawa, huo wa mjukuu. Mwingine wa kuuza."

Mama alisuka kidogo, akacheka. "Nikisuka wa kuuza nitasukia mgongo nisioujua. Niache na huu kwanza."

Nijieleze hapa, nisije nikaonekana nadharau. Wapo wanawake wengi Tanga, Pemba na Unguja ambao ukili ndio unaowalisha, na Mama mwenyewe, mumewe alipofariki, aliuza mikeka mpaka watoto wakamaliza shule. Mume wangu ni mmoja wa waliosomeshwa kwa mikeka hiyo. Kusuka kwa ajili ya unga ni kazi ya heshima, na hakuna anayefahamu hilo kuliko yeye. Ndiyo maana kusuka kwa kupenda, uzeeni, bila kuhesabu pima, kwake ni kitu alichokingoja miaka mingi. Mkwe mwenye simu hakukiona. Sina hakika kama tunafundishwa kukiona.

Ijumaa ni siku ya mume wangu. Chini ya mwembe wa dukani kwa Mangi kuna ubao wa bao na benchi mbili, na kuanzia jioni hadi taa za duka zizimwe huko ndiko aliko. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64, ambazo chini ya mwembe ule ni komwe zilizong'aa kwa kushikwa. Kila mchezaji ana kete 32, lakini mwanzo hutandaza kumi tu: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili yaliyo jirani. Zile 22 hukaa mkononi, zikiingia ubaoni moja moja wakati wa namua, na zikiisha ndipo watu wanaingia kwenye mtaji, ambako mikono hukimbia kuliko macho ya mtazamaji. Safu yako ya mbele ikikauka, umefungwa. Mtafiti wa Kiholanzi, Alexander de Voogt, aliandika tasnifu nzima mwaka 1995 kuhusu mabingwa wa mchezo huu na uwezo wa akili zao, na zipo picha zinazojulikana za Mwalimu Nyerere ameinamia ubao. Pamoja na hayo yote, sijaona bao likitajwa kwenye semina ya fursa. Halina tiketi, halina udhamini, na aliyeshinda hapati kitu ila haki ya kusema ovyo mpaka Ijumaa nyingine.

Na maneno ndiyo nusu ya mchezo. Chini ya mwembe ule fundi seremala humwita mwalimu mstaafu "mwanafunzi wangu", na mwalimu hukubali kwa sababu alifungwa. Vijana wanaosubiri matokeo ya mechi za Ulaya hukaa pembeni na simu zao. Mikeka yao ya kubeti ikichanika, husogea ubaoni mmoja mmoja. Mume wangu anasema hivyo ndivyo wachezaji wapya wanavyopatikana.

Nina ugomvi mmoja tu na mwembe ule. Mimi bao nilifundishwa na babu mzaa mama, na nalicheza. Lakini nikifika pale nageuka shemeji wa kusalimiwa na kupishwa njia. Nachungulia begani mwa mume wangu, naona mtaji alioupita, nanyamaza mpaka tufike nyumbani. Mchezo unaolalamika kwamba wachezaji wanapungua ungeanza kwa kuacha kuwafukuza nusu ya watu kabla hawajakaa.

Jumamosi tulikwenda Pugu. Kwa mtu wa Kitunda hiyo ni bodaboda hadi Banana na daladala moja mbele, lakini watoto waliiandaa kana kwamba tunavuka mpaka: mihogo ya kuchemsha, mayai, maji, kofia, na daftari la kijana, ambaye siku hizi anakusanya mbegu. Msitu wa Pugu na wa Kazimzumbwi, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ni mabaki ya misitu ya pwani yaliyosalia mlangoni mwa jiji. Umekatwa sana miaka ya nyuma kwa ajili ya mkaa wa Dar es Salaam. Mwongozaji wetu alipotueleza hayo nilikumbuka maharage ya Jumatano, nikatazama juu kwenye matawi.

Mwongozaji alijua kazi yake. Alituonyesha jongoo mnene kuliko kidole gumba, akamweka mkononi mwa binti, ambaye alipiga kelele kisha akakataa kumrudisha. Kijana alijaza mfuko wake mbegu za kila namna. Nilizichambua zote, nikaondoa zile ndogo nyekundu zenye doa jeusi. Hizo ni za mturituri. Zinapendeza mno na zina sumu kali zikitafunwa, kwa hiyo mwenye watoto wanaookota okota azijue kwa sura. Tulipumzika mahali ambapo miti inaachia nafasi na bonde linaonekana. Mama, ambaye tulidhani atachoka kabla ya wote, alituuliza kama tunajua kwamba Mwalimu Nyerere alifundisha shule hapa Pugu mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya siasa. Kijana alijua. Binti aliuliza kama alikuwa na kuku.

Lakini kilichotupeleka kilikuwa popo. Katika vilima vile kuna mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi, na popo wameyafanya kwao. Jua lilipokaribia kuzama tulikaa mbali kidogo na mdomo wa pango, tukaambiwa tusimulike. Mwanzo walitoka wawili watatu, unadhani macho yanakudanganya. Kisha harufu na upepo vikatangulia, na wakatoka wengi kwa mkupuo, wakapita juu ya vichwa vyetu bila kumgusa yeyote, wakaendelea kutoka mpaka shingo zikatuuma kwa kutazama juu. Mama alijifunika kanga kichwani akacheka peke yake. Hakuna aliyepiga picha iliyofaa. Simu zote zilionyesha giza lenye chembechembe. Tulirudi tumebanana kwenye daladala la Gongo la Mboto, binti amelala mapajani mwa abiria asiyemjua, ambaye aliuliza tumetoka msibani au harusini.

Nimejiuliza kwa nini swali la jirani kuhusu mradi linanichosha, wakati fedha naihitaji kama yeye. Nadhani ni kwa sababu ya yai. Yai la kuku wa nyumbani linakwenda kokote: kwa mama aliyejifungua nyumba ya tatu, kwenye chai ya fundi bomba, kwenye beseni la vitumbua vya Jumapili kama mchele uliolowekwa haukushika vizuri. Siku nitakapoliwekea bei, kila linalotoka bure litakuwa hasara, na mimi nitakuwa mtu wa kuandika nani hajalipa. Kuku naye akiacha kutaga atakuwa na wiki moja ya kujieleza. Kidimu wetu asingefuatwa pagaleni, angefutwa daftarini.

Anayehitaji kuuza na auze, na nitakuwa mteja wake. Wasiwasi wangu ni kwa wale ambao mshahara wanao, biashara wanayo, na bado hawawezi kupanda mchicha kwenye ndoo bila kuanza kuuliza soko la mchicha likoje. Watu hao ukiwauliza Jumatatu wiki ilikuwaje, watakwambia ilikuwa ya kazi. Ukiwauliza wanapenda kufanya nini, watakutajia wanachouza.

Jumapili mchana tulichanja kuku. Hili ndilo jambo pekee la wiki lililofanana na mpango wa maendeleo, na hata hilo liligeuka kuwa mkusanyiko. Kideri, ambacho wengine wanakiita mdondo, kikiingia mtaani kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache, na hakina tiba. Kinga yake ni chanjo. Ile ya aina ya I-2 ilibuniwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu kwa kuwa inastahimili joto kuliko nyingine, na hapa nchini inatengenezwa Kibaha. Ni tone moja jichoni, basi. Tatizo la mfugaji mdogo ni kwamba kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku alio nao, na kikishafunguliwa hakiwekwi muda mrefu. Kwa hiyo majirani wanne tulichanga, kila mmoja akaja na kuku wake kwenye tenga, boksi au kwapani. Yule mwenye shemeji Chanika alileta wawili. Alisema anawajaribu tu kwanza. Mlinzi naye alikuja, bila kuku, kuulizia kidimu.

Chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kama una kuku hata watatu nyuma ya nyumba, waulize majirani wenye kuku mchange kichupa kimoja, na mshikaji wa kuku awe mtu mwingine, si mtiaji wa tone. Kama baadaye utataka kuwageuza mradi, hilo ni lako wewe. Angalau watakuwa hai.